Asidi Moja, Amri Mbili za Damu

Katika utando wa seli za mwili wa mwanadamu imehifadhiwa asidi ya mafuta iitwayo asidi ya arakidoniki, yenye atomi 20 za kaboni, ambayo maadamu imetulia mahali pake haina habari kubwa. Lakini seli ikijeruhiwa, asidi hiyo hufunguliwa kutoka katika utando, na vimeng'enya huigeuza kuwa kemikali ambazo nguvu zake zapita sana umri wake.

Mbili kati ya hizo asili yake ni moja na amri zake ni kinyume. Tromboksani, ambayo Bengt Samuelsson na wenzake wa Uswidi waliibainisha mwaka 1975, hutolewa na chembe sahani za damu, huziamuru zishikamane, na huibana mishipa. Nusu yake hutoweka kwa sekunde 30 hivi, illa muda huo watosha kuziba jeraha, au kuiziba ateri ya moyo iliyokwisha kuharibika. Prostasaiklini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1976 na John Vane na wenzake, hutoka katika kuta za mishipa yenyewe, ikaipanua na kuzizuia chembe sahani zisikusanyike.

Vane huyo ndiye aliyekwisha kuonyesha, mwaka 1971, kwamba aspirini hukizuia kimeng'enya kinachoanzisha mageuzi hayo. Hukiharibu kabisa, na kwa kuwa seli ya ukuta wa mshipa ina kiini, huunda kimeng'enya kipya baada ya saa chache, hali chembe sahani, isiyo na kiini, hubaki bila tromboksani mpaka mwisho wa uhai wake, yaani siku 7 hadi 10. Ndiyo sababu dozi ndogo, aghalabu miligramu 75 hadi 100 kwa siku, yatosha kumkinga mgonjwa wa moyo, ingawa huweza kumtoa damu tumboni, kwani prostaglandini za tumbo, ambazo pia huzaliwa na asidi ile ile, ndizo zilindazo ngozi yake ya ndani.

Kwa kulihurumia tumbo, wataalamu waliunda rofekoksibu, dawa ya maumivu iliyoizuia aina ya pili peke yake ya kimeng'enya kile kizuiwacho na aspirini, yaani ile itumiwayo na kuta za mishipa. Prostasaiklini ikapungua, na tromboksani ikabaki na nguvu zake zote. Mwaka 2004 dawa hiyo iliondolewa sokoni, baada ya kudhihirika kwamba iliwazidishia watumiaji mashambulio ya moyo na kiharusi, nao, jambo linihuzunishalo mno, wengi wao walitafuta nafuu ya maumivu ya viungo tu.