Kabla ya kununua mota ya roboti, pima mzigo

VIJANA wengi wanaojifunza kuunda roboti hupoteza fedha kwa kosa moja: kuchagua mota kwa kuangalia kasi yake badala ya mzigo itakaoubeba. Kwa mkazi wa Kibiti anayesafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta vipuri, kosa hilo ni ghali maradufu, kwani mota ikiungua, nauli nayo imeungua.

Chukulia kiboti kidogo cha kujiendesha, kilichoundwa ili kupima kina cha maji katika delta ya Rufiji. Kazi hiyo ina maana huko. Mto huhamisha mchanga na tope, na vyombo viendavyo Mafia kutoka Nyamisati hupita katikati ya mikoko ambako maji hujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti hiyo huzidi mita 3. Kiboti kilichokwenda vizuri ndani ya beseni chaweza kushindwa kabisa na mkondo wa maji yarudiyo baharini.

Mota rahisi kupatikana ni ile ya magari ya kuchezea watoto. Huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, lakini nguvu yake ni haba. Ndiyo sababu mota za manjano zinazouzwa pamoja na magurudumu ya roboti hufungwa giya, mara nyingi za uwiano wa 1 kwa 48: mota huzunguka mara 48 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kasi hupungua, nguvu ya kuzungusha huongezeka. Hiyo yafaa nchi kavu. Rafadha ya kiboti huhitaji kasi kubwa kuliko hiyo. Usukani, kwa upande wake, hufaa kupewa mota ya servo, ambayo hupokea amri kila baada ya milisekunde 20 na kugeuka hadi pembe iliyotakiwa.

Mota kuukuu hupimwa hata bila betri. Ikizungushwa kwa mkono hutoa umeme kidogo, kwa kanuni ileile inayoendesha mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, juu ya mto huohuo, yenye jumla ya megawati 2,115.

Hata hivyo, balaa kubwa huja pale mota inapokwama. Majani ya mkoko au kipande cha wavu kikijiviringisha kwenye rafadha, mota husimama huku ikiendelea kufyonza umeme, tena mwingi kuliko ilipokuwa ikizunguka. Hesabu yake ni nyepesi: mota ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 4 itafyonza ampea 3 ikikwama, ingawa katika mwendo wa kawaida huenda haifikii hata ampea moja. Kiwango hicho cha kukwama ndicho cha kuzingatia dukani.

Kompyuta ndogo ya Arduino Uno haiwezi kubeba mzigo huo, kwani kila pini yake haipaswi kuzidi milisampea 40. Huhitajika bodi ya kati ya kuongozea mota. Ile maarufu ya L298N hubeba ampea 2 kwa kila mota, hivyo haitoshi kwa mfano uliotajwa. Aidha, hula takriban volti 2. Kwa betri ya volti 6, hiyo ni theluthi nzima.

Bodi hiyo hupunguza kasi kwa kuwasha na kuzima umeme mara nyingi kwa sekunde, na hugeuza mwelekeo kwa kubadili njia ya umeme. Mota ipewe betri yake, ila waya hasi za betri zote mbili ziunganishwe, la sivyo amri hazitaeleweka. Fyuzi ifungwe karibu na betri. Na kiboti kikitoka kwenye maji ya chumvi, kisuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo na mhimili wa rafadha upakwe grisi.