Kikokotoo: Asilimia 50 ya Nini?

Mwanasiasa akisimama huku kwetu Karagwe na Kyerwa, iwe Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, na kutangaza kwamba chama chake kitarudisha mkupuo wa asilimia 50 ya mafao ya kustaafu, mwalimu aliyebakiza miaka miwili kustaafu atasogea karibu asikie vizuri. Ana haki ya kusogea. Lakini kabla ya kupiga makofi, amuulize mheshimiwa: asilimia 50 ya nini? Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kina tarakimu tatu, na majukwaa yetu yamezoea kutaja moja tu.

Kabla ya 2018, watumishi wa umma walikuwa wametawanyika katika mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Waliokuwa PSPF na LAPF, ambao ndio walimu na watumishi wengi wa halmashauri, walipata nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Wa PPF walipata asilimia 25. Sheria ya mwaka 2018 iliiunganisha mifuko hiyo minne ikawa mfuko mmoja, PSSSF, na kanuni zilizofuata zikataka kila mtu apewe asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa. Tarehe 28 Desemba 2018, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na kuagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Muda huo haukufika. Julai 2022 ikaja kanuni ya pamoja yenye mkupuo wa asilimia 33, na katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa na haki ya asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa na 25.

Hiyo ndiyo tarakimu ya kwanza, ile inayosikika. Mbili zilizobaki hazisikiki. Ya pili ni kiwango ambacho kila mwezi wa kazi unahesabiwa kwacho: zamani kwa PSPF ilikuwa 1/540, sasa ni 1/580. Ya tatu ni miaka ambayo mfuko unakadiria kumlipa mstaafu: zamani 15.5, sasa 12.5.

Tuchukue mwalimu wa mfano, mshahara wake shilingi 1,000,000 kwa mwezi, amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni ya zamani, miezi 360 ukigawa kwa 540 na kuzidisha kwa mshahara wa mwaka, unapata pensheni kamili ya 8,000,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 15.5, chukua nusu: mkupuo ni shilingi milioni 62. Pensheni ya kila mwezi, inayotokana na nusu iliyobaki, ni 333,333.

Kwa kanuni ya sasa, miezi ile ile ukigawa kwa 580 inatoa pensheni kamili ya takriban 7,448,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 12.5, chukua asilimia 40: mkupuo ni milioni 37.2, na pensheni ya mwezi ni kama 372,400. Mwalimu amepungukiwa karibu milioni 25 mkononi, akaongezewa shilingi 39,000 hivi kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo, anahitaji kuishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu. Hapo sijagusa suala la mshahara unaotumika kwenye hesabu, ambao sasa ni wastani wa miaka mitatu bora ndani ya miaka 10 ya mwisho, badala ya mshahara wa mwisho.

Sasa rudi kwenye ahadi. Chama kikirudisha asilimia 50 lakini kikaacha 1/580 na 12.5 mahali pake, mwalimu huyo atapata mkupuo wa milioni 46.5, pungufu ya zile 62 kwa zaidi ya milioni 15. Na pensheni yake ya mwezi itashuka hadi 310,300, chini ya kanuni zote mbili. Ile milioni 9.3 aliyoongezewa kwenye mkupuo atakuwa ameilipa yeye mwenyewe, shilingi 62,000 kila mwezi, na itakwisha baada ya miezi 150. Aliyestaafu na miaka 60, hapo ana 72 na nusu. Akiishi zaidi, anadaiwa na ushindi wake.

Vyama vimesimama wapi? Serikali ya CCM imetetea kanuni mpya kwa hoja mbili: mifuko iweze kujiendesha, na wanachama wote walipwe kwa usawa. Nyongeza ya 2024 ilikuwa kukiri kwamba malalamiko yalikuwa na msingi, ila iligusa tarakimu moja tu. ACT-Wazalendo, tangu Zitto Kabwe alipokuwa kiongozi wa chama, imekipinga kikokotoo waziwazi, na tangu ilani yake ya 2015 imeweka hifadhi ya jamii mbele. Naheshimu msimamo huo. Bado nataka kuona hesabu yake ikiandikwa hadi tarakimu ya mwisho, kama ninavyotaka kwa kila chama kinachotamka neno kufuta.

Hoja ya uhai wa mifuko ni ya kweli, lakini tuulize udhaifu wa mifuko hiyo ulianzia wapi. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuwa wakichangia. Pensheni ilikuwa jukumu la Serikali. PSPF ilipoanza, ilibebeshwa kuwalipa wastaafu kwa miaka ambayo haikupokea mchango wowote. Deni hilo lilikua mwaka hadi mwaka, na wastaafu wakakaa miezi mingi wakisubiri mafao. Ni mwaka 2021 ndipo Serikali ilipotoa hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2.1 kulipunguza. Mwalimu wa Kaisho aliyekatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, mwajiri akatakiwa kuongeza 15, hakusababisha shimo hilo. Si haki alifukie kwa mkupuo wake.

Na huku kwetu mkupuo una kazi. Watumishi wengi hujenga kidogo kidogo: tofali za kuchoma zimepangwa, kuta zimefika lenta, bati linasubiri mafao. Shamba la migomba linataka samadi na vibarua. Mche wa robusta huchukua takriban miaka mitatu hadi uzae, na katika miaka hiyo kuna palizi, mbolea na ada za watoto wa mwisho. Anayekosa mtaji huishia kwenye butura, kahawa inauzwa ingali mtini kwa bei ya mnunuzi, au kwenye mikopo ya riba ya mitaani. Pensheni ya mwezi haiwezi kupaua nyumba. Ndiyo maana mstaafu wa Mabira na mchumi wa Dodoma huiona hesabu ile ile kwa macho tofauti.

Nisisahau jirani wa mstaafu: mkulima aliyepeleka kahawa chama cha msingi maisha yake yote na hana pensheni kabisa. Zanzibar imekuwa ikiwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi tangu Aprili 2016, kwanza 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000. Bara bado hatuna mpango wa namna hiyo.

Kwa maoni yangu suluhu ya haki ipo, nayo haihitaji kufuta kila kitu. Miaka ambayo mtumishi alichangia kabla ya Julai 2022 ihesabiwe kwa kanuni aliyoahidiwa wakati huo, na miaka iliyofuata kwa kanuni mpya. Gharama ya tofauti ibebwe na Serikali, kwa sababu ndiyo iliyoacha deni la kabla ya 1999 lifike lilipofika.

Mtumishi wa Karagwe na Kyerwa, mgombea wa chama chochote akija kwako na ahadi ya kikokotoo, mpe karatasi na kalamu. Aandike asilimia, aandike kama ni 540 au 580, aandike kama ni 15.5 au 12.5, kisha aeleze fedha zitatoka wapi. Akishindwa kuandika, usimpe kura yako kwa sababu ya kikokotoo.