Kisima kimetoa maji, lakini je, yamepimwa?

MCHIMBA kisima akishayafikia maji, kazi yake imekwisha na anadai fedha yake. Mwenye kisima huonja, akaona maji ni meupe na hayana chumvi, kisha huita fundi wa pampu. Baada ya wiki chache majirani wanapanga madumu getini na biashara imeanza. Kwa wakazi wa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, kuonja huko hakutoshi hata kidogo.

Miamba ya volkano ya ukanda huo ina madini ya floraidi, ambayo huyeyuka na kuingia katika maji ya ardhini. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kumshtua mnywaji. Dalili yake huonekana baadaye, kwenye meno ya kahawia ya watoto waliokunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yakijijenga. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa na mtu akanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika, na wapo waliopinda miguu.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo vingi visingefaulu kipimo cha chini ya hapo, lakini baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5. Kwa hiyo mwenye kisima anayehifadhi cheti cha zamani kilichoandikwa "yanafaa" atazame tarakimu yenyewe, si neno hilo.

Kosa linalorudiwa sana ni kuamini kwamba kuchemsha kunamaliza kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini floraidi hubaki, tena huongezeka kidogo kwa kila lita kwa sababu maji yamepungua sufuriani. Wanaopika makande kwa magadi nao huongeza floraidi nyingine bila kujua.

Ndiyo maana vipimo ni viwili tofauti, na sampuli zake hazichukuliwi kwa namna moja. Kwa floraidi, chumvi na naitreti, chupa safi ya plastiki inatosha, baada ya pampu kuvuta maji kwa muda ili yale yaliyolala kwenye bomba yatoke. Kwa bakteria, chupa isiyo na vijidudu hutolewa na maabara. Haisuuzwi, ndani ya kifuniko hakuguswi, na sampuli husafirishwa kwenye barafu ifike siku hiyo hiyo, isipite saa 24. Anayeileta kwa basi baada ya siku tatu anapoteza fedha, maana jibu atakalopewa halitakuwa la kisima chake. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na ni vyema kuuliza ada na siku ya kupokea sampuli kabla ya kuondoka nyumbani.

Jibu la bakteria linatakiwa kuwa sifuri ya E. koli katika mililita 100. Zikionekana, aghalabu choo kiko karibu au mdomo wa kisima haukujengewa vizuri. Kisima hurekebishwa, hutiwa klorini, kisha hupimwa upya. Kipimo hiki hurudiwa kila mwaka, hasa masika, wakati maji ya juu yanapopenya.

Floraidi haina klorini ya kuitibu. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya utafiti wa kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia hiyo inafanya kazi, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Wengine hukinga maji ya mvua ya kunywa na kupikia, na kuacha ya kisima kwa kufua na kujengea.

Mkulima naye asiitupe karatasi ya majibu. Tarakimu ya chumvi iliyomo humo ndiyo itakayomwambia kama maji hayo yatafaa kumwagilia maharage, zao lisilostahimili chumvi, au afadhali apande kitu kingine. Na kwa anayetaka kuchimba sasa, jirani mwenye kisima akikubali, sampuli ya kisima chake ipimwe kwanza. Haitoi hakika, kwani visima viwili vya jirani huweza kutofautiana, lakini ada yake ni ndogo kuliko bei ya kuchimba.