Modeli za Maji na Maamuzi katika Bonde la Ruaha Mkuu

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu maji, istilahi modeli na kielelezo hutumika kwa kupokezana. Upo mwelekeo wa kupendelea kielelezo kwa kuwa limenyumbuliwa kutokana na kitenzi cha Kiswahili. Hata hivyo, neno hilo lina mzigo wake: mahakamani, kielelezo ni ushahidi uliokwisha kupokelewa. Modeli ya maji si ushahidi wa namna hiyo. Ni dai kuhusu mwenendo wa maji, lililoandikwa kwa hesabu, ambalo hulinganishwa na vipimo vya mtoni na likishindwa hukataliwa. Tofauti hii si ya kimsamiati tu, kama historia ya Mto Ruaha Mkuu inavyodhihirisha.

Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe mkoani Njombe, imo katika ukanda wa juu wa bonde la mto huo. Maji ya nyanda hizo huteremka, hasa kwa Mto Mbarali, hadi tambarare ya Usangu yenye mashamba ya mpunga, kisha huingia katika ardhioevu ya Ihefu. Yakitoka hapo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kufika bwawa la Mtera, ambalo huhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikumbwa na mgawo wa umeme, na mwaka 1993 mto ulikauka ndani ya hifadhi. Matukio hayo mawili yaliunganishwa upesi, na lawama zikawaangukia wakulima na wafugaji wa Usangu. Kumbe ni mambo ya majira tofauti. Mtera hujazwa na mafuriko ya wakati wa mvua, na hupokea pia maji ya Ruaha Ndogo na Kisigo. Ilhali hifadhini mto hukauka wakati wa kiangazi, ambapo hata mifereji midogo huweza kumaliza kinachotiririka. Watafiti waliochunguza upya bwawa hilo kwa modeli katika miaka ya 2000 walihitimisha kwamba upungufu wa 1991 hadi 1994 ulitokana zaidi na namna maji ya Mtera yalivyoendeshwa kuliko matumizi ya watu wa juu. Hata hivyo, mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu.

Swali la kiangazi lilihitaji modeli ya namna nyingine, ambayo msingi wake ni mizania: maji yanayoingia Ihefu, yanayopotea kwa mvuke, yanayobaki na yanayotoka. Maji hutoka kwa kuvuka kizingiti cha mwamba huko Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya kizingiti, mto hukatika hata kama ardhioevu bado ina maji. Kashaigili na wenzake (2006) walikadiria kwamba kati ya 1958 na 2004 maji yaingiayo wakati wa kiangazi yalipungua kwa asilimia 70 hivi. Ili zitoke mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, kiasi cha chini cha kuhifadhi uhai wa mto, lazima ziingie wastani wa mita 7 hivi, karibu mara mbili ya zilizokuwapo. Hapo ndipo modeli inapomfaa mpangaji: inamwonyesha kwamba lita iliyoachwa kwenye banio la Usangu haifiki hifadhini ikiwa lita nzima.

Tarakimu hizo, bila shaka, hazimsemeshi mwenye shamba. Ndiyo sababu Bruce Lankford na wenzake walitumia huko Usangu ubao ulioinamishwa, wenye mfereji uliochongwa kuwa mto. Gololi ni maji, na vijiti ni mabanio. Wachezaji wa juu huweka vijiti wapendavyo, na wa mkiani hukosa gololi. Ndipo mabishano huanza. Ubao huo nao ni modeli. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, inayosimamia vibali vya maji chini ya sheria ya mwaka 2009, inahitaji aina zote mbili: moja ya kukadiria kiasi kinachopaswa kubaki mtoni, nyingine ya kuwakutanisha watu wa Wanging'ombe na wa Mbarali waamue nani apunguze kwanza.