Usimkalishe Mwenye Mapafu Mabovu

"Keti, kukhu, upumzike." Hivyo ndivyo wajukuu wanavyomwambia nyanya aliyepika kwa kuni tangu usichana wake, pindi anapotweta akitoka kisimani. Maneno ya upendo hayo, lakini nayapinga waziwazi. Katika vijiji vya Mabanga, na kote kuanzia Bungoma hadi Kitale, mzee akikalishwa hivyo kila siku, miguu yake huisha nguvu kabla hata mapafu hayajamshinda.

Moshi wa kuni, sigara na makovu ya kifua kikuu kilichopona huharibu njia za hewa na kuzifanya nyembamba. Shida kubwa basi huwa katika kutoa hewa kuliko kuivuta. Mgonjwa akienda haraka, huvuta pumzi mpya kabla ile ya awali haijatoka yote. Hewa hurundikana kifuani hadi hapabaki nafasi ya nyingine. Akiogopa hali hiyo, huacha kutembea. Misuli ya miguu hunyong'onyea, na misuli dhaifu humfanya aheme zaidi kwa kazi ileile. Mwishowe hata kwenda chooni humtoa jasho.

Njia ya kwanza ya kujisaidia haigharimu hata shilingi. Mgonjwa avute hewa kwa pua, kisha abane midomo kana kwamba anapuliza chai ya moto na kuitoa taratibu, kwa muda mara mbili ya ule wa kuvuta. Shinikizo dogo linalobaki ndani huzuia mirija ya hewa isijifunge mapema. Akitembea, avute kwa hatua mbili, atoe kwa hatua nne. Akiinua debe, apulize pale anapoinua, wala asizuie pumzi kamwe. Akichoka, aketi akiinamia mbele, viwiko juu ya magoti, au aegemee mti kwa mikono.

Kuna jambo la mikono ambalo wengi hawalijui. Misuli ya mabega na shingo inayomsaidia mgonjwa kupumua ndiyo hiyohiyo inayoinua mkono kushika ndoo kichwani. Ndoo hiyo basi ni mzigo maradufu, afadhali wilbaro. Ulaya, wagonjwa wengi hutembea wakisukuma kigari chenye magurudumu, mikono imeegemea, mwili umeinama kidogo. Kwetu Bungoma baiskeli ni nyingi, na kuisukuma huku umeegemea usukani kunaweza kutoa nafuu ya aina hiyo.

Ushahidi kwamba mazoezi husaidia hauko mbali. Kampala, wataalamu wa Makerere waliwafanyisha mazoezi watu ambao kifua kikuu kiliwaachia mapafu mabovu, mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: watu hao waliweza kutembea mbali zaidi kuliko walipoanza.

Kipimo cha mwendo ni mazungumzo. Mgonjwa anayetembea aweze kusema sentensi fupi, ingawa kuimba hawezi. Aliyeandikiwa dawa ya kuvuta ya kufungua kifua amuulize daktari kama aitumie dakika chache kabla ya kuanza. Anayepanda matatu kutoka Bungoma kwenda Kitale ajue anatoka mita kama 1,400 juu ya bahari hadi karibu 1,900, ambako hewa ni nyepesi. Siku za kwanza apunguze mwendo. Maumivu ya kifua, midomo kugeuka buluu, kuzirai au kuhema hata akiwa ameketi ni mambo ya kukimbizwa hospitali. Kikohozi kisichokwisha kipimwe kifua kikuu, kwani matibabu yake katika vituo vya umma ni bure. Na jiko la kuni litolewe nje, maana mazoezi hayawezi kushindana na moshi unaoingia kila jioni.

Mpango kama ule wa Kampala unahitaji uwanja tambarare, viti vichache na mtaalamu wa fiziotherapia. Kituo cha mafunzo ya wakulima kiko hapa Mabanga na kina eneo linalotosha. Kaunti ituletee huyo mtaalamu, walau mara mbili kwa wiki.