Picha za Mzingoni na Ithibati ya Kutua Mwezini: Mjadala wa Baraza za Ziwa la Ng'ombe

Utangulizi

Ziwa la Ng'ombe ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Nyali, bara ya kaskazini ya Mombasa; kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013 ilihesabiwa katika Kisauni. Katika baraza za mtaa huo, kama zilivyo baraza nyingi za Pwani, mwezi mpevu huweza kuzua mjadala usiokwisha: je, binadamu aliwahi kutua huko? Anayekubali hutaja picha zilizopigwa na vyombo vinavyouzunguka mwezi, akahitimisha kwa methali: mwenye macho haambiwi tazama. Anayekana hujibu kwa nyingine: lisemwalo lipo, yaani, uvumi kwamba safari zile ziliigizwa studioni haukuzuka bure.

Methali hizo mbili hazimalizi mjadala, kwa kuwa kila moja inaruka hatua. Ya kwanza inachukulia kuwa kuona ni kujua. Ya pili inachukulia kuwa kusemwa ni kuwepo. Makala haya yanalenga kueleza picha hizo zinathibitisha nini na haziwezi kuthibitisha nini.

Ushahidi na ithibati

Katika mazungumzo ya kawaida, maneno dai, ushahidi na ithibati hutumiwa kana kwamba ni visawe. Sivyo. Dai ni kauli ambayo bado haijapimwa. Ushahidi ni kile kinachotolewa na shahidi, nacho chaweza kupokewa au kukataliwa. Ithibati, neno lenye nasaba moja na thabiti na thibitisha, ni uthabiti unaopatikana baada ya ushahidi kupimwa.

Watu wa mwambao wanaijua tofauti hii kwa vitendo. Siku ya 29 ya Shaaban, baada ya jua kutua, anayesema ameuona mwezi mwandamo huulizwa: alisimama wapi? Mwezi ulikuwa upande gani wa machweo? Mbingu zilikuwa safi? Nani mwingine aliyeuona? Kauli yake haikataliwi kwa sababu ni yake, wala haipokewi kabla ya kuhojiwa. Ndipo Kadhi Mkuu atangaze. Hata hapo hutokea khitilafu, kwani wapo wanaofuata mwandamo wa hapa na wapo wanaofuata tangazo la Saudia. Lakini pande zote hukubaliana kuwa shahidi lazima ahojiwe. Picha ya mzingoni nayo ni shahidi, na yafaa ihojiwe vivyo hivyo.

Kinachoonekana pichani

Chombo kinachotajwa zaidi ni Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa na shirika la anga la Marekani, NASA, tarehe 18 Juni 2009. Mwezi uliofuata zilitolewa picha zake za kwanza za vituo vya Apollo. Katika picha zake bora za kawaida, nukta moja huwakilisha takribani nusu mita ya ardhi. Kwa kipimo hicho, matatu yenye urefu wa mita 5 ingekuwa na nukta 10 tu, na mtu aliyesimama asingezidi nukta moja au mbili.

Mtu akiitazama Ziwa la Ng'ombe katika picha ya satelaiti, ataona mapaa ya mabati yaliyosongamana. Hataona milango wala watu barazani. Mkazi huitambua nyumba yake kwa kuwa anaijua njia iendayo huko, msikiti ulio karibu na mti uliosimama pembeni. Ndivyo ilivyo mwezini. Sehemu ya chini ya chombo cha kutulia, yenye upana wa mita 4 hivi bila miguu yake, iliachwa huko, nayo inaonekana kama kidoa cheupe chenye kivuli kirefu. Mwaka 2011 mzingo wa chombo ulishushwa, na picha zikaonyesha kwa uwazi zaidi vijia vilivyokanyagwa na wanaanga katika vituo vya Apollo 12, 14 na 17.

Picha pia zina jambo la kusema juu ya kile kisichoonekana. Mwaka 2012 watafiti walieleza kuwa bendera katika vituo vya Apollo 12, 16 na 17 bado zinatupa vivuli, ilhali ya Apollo 11 haikuonekana kusimama. Buzz Aldrin alikuwa amesimulia kwamba aliiona bendera hiyo ikiangushwa na moshi wa injini walipokuwa wakiondoka mwaka 1969. Masimulizi na picha, vikiwa vimetenganishwa na miaka zaidi ya 40, vinaafikiana.

Pingamizi na majibu

Pingamizi kubwa ni kwamba picha zimetolewa na shirika lile lile lililodai kutua. Pingamizi hili si la kipuuzi. Mdai hawi shahidi wa kutosha katika daawa yake mwenyewe. Jibu lake ni kutafuta mashahidi wengine. Mwaka 2008 chombo cha Japani, Kaguya, kilibaini weupe wa udongo uliotimuliwa na injini ya Apollo 15. Mwaka 2021 chombo cha India, Chandrayaan-2, kilikipiga picha kituo cha Apollo 11. Isitoshe, Urusi ya Kisovieti, iliyokuwa hasimu wa Marekani katika mashindano ya anga, ingefaidika mno kwa kuufichua uongo huo, lakini haikufanya hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, hasa inapolindwa na adui yake.

Pingamizi la pili ni kuwa kompyuta huweza kubuni picha yoyote. Hapa kisa cha Lunokhod 1 kina uzito wa pekee. Gari hilo la Kisovieti lisilo na dereva lilifika mwezini Novemba 1970 na mawasiliano yake yakakatika Septemba 1971. Lilikuwa na kioo maalumu cha kurudisha mwanga, lakini kwa kuwa mahali pake hasa hapakujulikana, wanasayansi walikuwa wamekitafuta bila mafanikio. Mwezi Machi 2010 gari lilitambuliwa katika picha za chombo cha Marekani. Aprili mwaka huo, wanasayansi katika jimbo la New Mexico walielekeza miali ya leza mahali palipoonyeshwa na picha, na mwanga ukarudi. Picha ya kubuni haiwezi kurudisha mwanga.

Kisa hicho hicho, hata hivyo, kinaonyesha mpaka wa picha. Lunokhod 1 iliacha alama za magurudumu bila mtu kuwepo. Kwa hiyo kidoa cheupe pekee kinathibitisha kwamba chombo kilifika, si kwamba watu 12 walitembea. Kuthibitisha hilo kunahitaji kuunganisha mambo kadhaa: vijia vya miguu vinavyolingana na picha zilizopigwa ardhini kule kule, na takribani kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa katika safari 6 za kati ya 1969 na 1972, ambazo zimechunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi. Safari ya Luna 16, chombo cha Kisovieti kisicho na watu, ilileta takribani gramu 100 tu mwaka 1970.

Hitimisho

Picha za mzingoni, basi, ni ushahidi mzuri ambao peke yake haujawa ithibati ya kutua kwa binadamu. Zimekuwa sehemu ya ithibati kwa sababu zimehojiwa, zikaafikiana na mashahidi wasio na sababu ya kula njama, na zikaelekeza leza mahali ambapo mwanga ulirudi kweli. Anayesema "picha zatosha" anakosea kidogo. Anayesema "picha zote ni uongo" analazimika kueleza mwanga huo ulirudishwa na nini.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili linavuka mwezi. Lugha inayotenganisha dai, ushahidi na ithibati inawapa wasemaji wake zana ya kupima habari za uchaguzi, dawa na mashamba, ambako kosa lina gharama kubwa kuliko ushinde wa barazani. Iwapo wasomi wa lugha watayachanganya maneno hayo katika insha na mihadhara yao, barazani hayatapona.