Mbwa wa Jirani Akimwuma Mtoto Wako

Mtoto amerudi nyumbani akichechemea. Ukimwuliza, anasema ameanguka. Jioni unapomwogesha unaona alama za meno mguuni. Hakusema kwa sababu alimchokoza mbwa wa jirani, naye anaogopa kuchapwa. Wewe nawe unasita: ukilifuata jambo hili, je, ujirani utabaki?

Mama mwenzangu, hapa hakuna nafasi ya kusita. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 katika kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Hata hivyo ugonjwa huu huzuilika, mradi matibabu yaanze mapema.

Kwanza mtoto

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Usipake mafuta ya taa, majivu wala pilipili. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Chanjo hutolewa kwa awamu kadhaa. Asikose siku yoyote aliyopangiwa.

Kisha afisa

Wengi wetu hatujui kwamba yuko mtumishi wa umma ambaye kazi yake ni hii. Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Huduma za mifugo nazo ziko mikononi mwa kaunti. Iko pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Sheria hiyo inataka mnyama anayeshukiwa atolewe taarifa, na inampa afisa wa mifugo mamlaka ya kuamuru afungiwe au auawe.

Mbwa anayeonekana mzima hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Asipougua katika siku hizo, inajulikana kwamba hakumwambukiza mtoto siku ile, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini mtoto haanzi kusubiri siku hizo kwanza. Chanjo huanza mara moja. Mbwa akifa, ubongo wake hupimwa maabara. Ndiyo maana haifai vijana wa mtaa kumpiga mawe na kumzika haraka haraka. Wakifanya hivyo, ushahidi ambao daktari angeutegemea umezikwa naye. Mzoga nao usiguswe kwa mikono mitupu.

Si kumshtaki jirani

Nenda kwa jirani yako kwa heshima. Mwambie, “Mama Fulani, mbwa wenu amemwuma mtoto. Tafadhali mfungeni, tumwite afisa wa mifugo amwangalie.” Usianze na habari ya fidia. Mweleze kwamba uchunguzi huu ni kinga yake pia, kwa maana watoto wake ndio wanaocheza na mbwa huyo kila siku. Mwulize kama amechanjwa, na kadi iko wapi. Akikataa kumfunga, mpelekee chifu au polisi taarifa bila kugombana.

Wajibu wetu

Afisa mmoja hawezi kulinda mtaa ambao mbwa wake hawajachanjwa. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo siku ya chanjo ikitangazwa, usiseme mbwa ni mali ya baba. Hakikisha amepelekwa, akiongozwa na mtu mzima anayeweza kumshika, na kadi yake uiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kama katika wadi yako chanjo haijatangazwa, wewe na wenzako katika chama chenu mnaweza kwenda ofisi ya mifugo kuuliza itakuja lini. Ni haki yenu kuuliza.

Na leo jioni, kabla watoto hawajalala, waambie neno hili: atakayeumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka aseme mara moja, hata kama ndiye aliyeanza uchokozi. Hatachapwa.